Namna ya Kuhakikisha Chipu ya Mbwa Wako Bado Inasomeka na Bado Inaelekeza Kwako

Mwenye mbwa akiulizwa kama mbwa wake ana chipu ya utambulisho hujibu kwamba anayo, na ushahidi anaoutoa ni kadi ya chanjo iliyobandikwa stika ya namba. Kadi hiyo inathibitisha tu kwamba siku fulani, pengine miaka minane iliyopita, daktari alidunga kitu chini ya ngozi ya mnyama. Haithibitishi kwamba kitu hicho kingali pale kilipowekwa, kwamba skana bado inakisoma, wala kwamba namba yake ikitafutwa leo itamfikisha mtafutaji kwa mwenye mbwa. Mambo hayo matatu hupimwa kwa njia tofauti, na mfugaji wa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi anaweza kuyamaliza yote kwa safari moja ya kliniki na jioni moja ya kukaa na simu yake.

Inafaa kwanza kujua kinachopimwa. Chipu ni kibomba cha kioo chenye urefu wa takribani milimita 12 na unene wa milimita 2, ambacho wengi hukifananisha na punje ya mchele. Ndani yake mna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi pamoja na saketi ndogo iliyohifadhi namba. Haina betri. Skana ndiyo inayotoa nguvu: inapowashwa hutengeneza uga wa sumaku, na uga huo ukipita kwenye waya ule chipu hupata umeme kidogo unaotosha kuitamka namba yake, kisha hunyamaza. Kwa hiyo chipu haiishiwi chaji, na iliyowekwa kwa mtoto wa mbwa inaweza kusomeka hadi uzee wake. Kwa sababu hiyohiyo haiwezi kukuonyesha mbwa aliyepotea yuko mtaa gani. Anayetaka huduma hiyo anunue mkanda wa shingoni wenye GPS, ambao ni kifaa kingine kabisa.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi na uihakiki namba

Toa kadi ya chanjo, cheti cha kuwekewa chipu kama kipo, majibu ya kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa kama kilifanywa, na vibali vyovyote vya zamani vya kusafirisha mnyama. Itafute stika iliyochapishwa kiwandani, yenye mistari ya msimbo, kisha uinakili namba yake kwenye karatasi safi kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu. Nakili kutoka kwenye stika na si kutoka kwenye mwandiko wa mtu, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa hapo: 1 hugeuka 7, 0 hugeuka 6, na tarakimu mbili zinazofuatana hubadilishana nafasi.

Chipu inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 11784 ina tarakimu 15. Ukihesabu 14 au 16, namba uliyonayo imekosewa, na huna haja ya kwenda mbali zaidi kabla ya kuipata iliyo sahihi. Tarakimu tatu za mwanzo huwa ni msimbo wa nchi, kama vile 834 kwa Tanzania, 404 kwa Kenya na 800 kwa Uganda, au huwa ni msimbo wa mtengenezaji ulio kati ya 900 na 998. Usishangae basi ukiona mbwa aliyezaliwa Morogoro ana namba inayoanza na 9. Maana yake ni kwamba tarakimu hizo zinamtaja aliyeitengeneza chipu, wala hazisemi lolote kuhusu mahali mbwa alipozaliwa. Namba yenye tarakimu 9 au 10 tu ni habari nyingine: huenda ni chipu ya mtindo wa zamani inayotumia masafa ya kilohezi 125, ambayo hukutwa hasa kwa mbwa waliotoka Marekani, na skana ya kawaida ya ISO inayotumia kilohezi 134.2 inaweza kupita juu yake bila kutoa mlio wowote ilhali chipu ni nzima.

Hatua ya pili: tafuta skana inayofaa

Simu ya mkononi haisomi chipu ya mbwa, hata ile yenye uwezo wa kulipia kwa kugusisha. Teknolojia hiyo ya malipo hutumia masafa ya megahezi 13.56, na chipu ya mbwa iko mbali nayo mno, kwa hiyo programu yoyote inayodai kuisoma chipu kwa simu pekee haistahili kupewa nafasi kwenye simu yako.

Mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumpakia mbwa kwenye gari. Si kila kliniki ina skana, na iliyo nayo inaweza kuwa nayo kabatini, chaji imekwisha. Muulize kama ipo, kama inafanya kazi siku hiyo, na kama inasoma chipu za kilohezi 134.2 peke yake au na zile za zamani. Ukifika, mwombe kwa heshima aijaribu kwanza skana hiyo kwenye chipu mpya ambayo bado imo ndani ya pakiti yake. Ni jambo la sekunde chache, na hakuna daktari makini atakayelichukia, maana skana isiyosoma chipu iliyo mezani haina haki ya kutoa hukumu juu ya chipu iliyo mwilini.

Wafugaji wenye mbwa wengi, hasa wanaozalisha na kuuza, hununua skana zao wenyewe. Wanaofanya hivyo waangalie kama maelezo ya kifaa yanataja ISO 11784 na 11785 pamoja na herufi FDX-B, ambazo ndizo za mfumo wa chipu za mbwa na paka.

Hatua ya tatu: msome mbwa mzima, taratibu

Hapa ndipo kazi huharibika. Mtu huwasha skana, huipitisha mara moja juu ya mabega kama anayepiga pasi shati, kisha hutangaza kwamba mbwa hana chipu. Mbwa wangu, jike wa ulinzi mwenye kilo 38, alitangaziwa hivyo na watu wawili kwa nyakati tofauti. Wa tatu aliikuta chipu yake juu kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto.

Mwandae mbwa kwanza. Mbwa wengi wa ulinzi hawajazoea kushikwashikwa na mgeni, na kifaa kinacholia karibu na sikio huwatisha. Wiki moja kabla ya siku hiyo, mpitishie rimoti ya televisheni mgongoni, shingoni na miguuni kila jioni huku ukimpa kipande cha nyama, mpaka aone ni jambo la kawaida. Kama ana tabia ya kung'ata, mfunge mdomo kwa kifungio chake, nawe mwenyewe ndiye umshike kichwa. Mvue mkanda wa shingoni wenye chuma pamoja na mnyororo. Mweke sakafuni, kwa kuwa meza ya chuma ya kliniki inaweza kuvuruga uga wa skana, na msogeze mbali na kompyuta na taa za mirija, ambazo nazo huleta usumbufu.

Skana iguse manyoya. Umbali wa kusomeka kwa kifaa cha mkononi ni wa sentimita chache tu, na mbwa aliyenenepa au mwenye manyoya mazito tayari amekwisha kula sehemu ya umbali huo. Anza katikati ya mabega, mahali ambapo chipu huwekwa katika nchi nyingi, uisogeze polepole kwa mwendo wa kupindapinda kama herufi S kutoka shingoni hadi katikati ya mgongo. Kisha igeuze skana robo mzunguko na urudie njia ileile kwa kukata upande. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba koili iliyomo ndani ya chipu hupokea vizuri inapolala kwa namna inayopatana na uga wa skana. Ikiwa imelala vibaya, skana inaweza kupita sentimita moja juu yake bila kuipata, na mgeuzo mdogo wa mkono ukaifanya ilie papo hapo.

Ikiwa bado kimya, toka mabegani. Pima upande wa kushoto wa shingo, kwa kuwa katika nchi za bara la Ulaya chipu zimezoeleka kuwekwa huko, halafu upande wa kulia, kisha mabega yote mawili kwa nje, ukiteremka hadi kwenye viwiko, na umalizie kifuani katikati ya miguu ya mbele. Chipu huhama chini ya ngozi, zaidi katika majuma ya mwanzo kabla tishu hazijaishika vizuri. Kumbuka pia kwamba skana nyingi hujizima zenyewe baada ya sekunde kadhaa za kutafuta, kwa hiyo bonyeza kitufe tena kila unapoanza eneo jipya. Fanya mzunguko mzima mara tatu kabla ya kusema haipo.

Hata ikilia mapema, usiishie hapo. Mbwa aliyepitia kwa wamiliki wawili au katika nchi mbili anaweza kuwa na chipu mbili, ambapo daktari wa pili alishindwa kuipata ya kwanza akaweka nyingine. Maliza mzunguko.

Hatua ya nne: linganisha tarakimu, wala usiridhike na mlio

Mlio wa skana unaonyesha kwamba kuna chipu. Hauonyeshi kwamba ndiyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi zako. Mtu mmoja asome kwenye kioo cha skana tarakimu moja moja kwa sauti, mwingine afuatishe kwa kidole kwenye kadi. Kipige picha kioo hicho namba ikiwa inaonekana. Ulinganisho huu ufanywe kwa kila karatasi na si kwa kadi ya chanjo pekee, kwa kuwa kosa linaweza kuwa limejificha kwenye majibu ya maabara huku kadi ikiwa sahihi. Kliniki moja niliyoitumia zamani iliandika 6 mahali pa 8 kwenye fomu ya damu, na kosa hilo lilisafiri kimyakimya hadi kwenye cheti, ambacho kilibidi kirudishwe kitolewe upya. Kosa la namna hii lirekebishwe na yuleyule aliyeitoa karatasi, kwa sahihi na muhuri wake. Usifute wala usiandike juu yake mwenyewe, kwani karatasi iliyochokorwa hukataliwa upesi kuliko iliyokosewa.

Hatua ya tano: ifuate namba hadi uone inaishia wapi

Chipu haina jina lako, haina simu yako, na haina jina la mbwa. Ina namba tu. Taarifa zako zinakaa katika kanzidata ya kampuni au taasisi fulani, na kama hukuwahi kujisajili huko, au kliniki iliahidi kukusajilia na haikufanya hivyo, basi chipu yako inafanya kazi vizuri sana na haina faida yoyote. Utafiti wa Linda Lord na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, kuhusu wanyama wenye chipu walioingia kwenye vituo vya hifadhi Marekani, uliona kwamba mbwa waliozurura wenye chipu walirudishwa kwa wenyewe kwa asilimia 52.2, dhidi ya asilimia 21.9 kwa mbwa wote waliozurura. Na pale wenyewe waliposhindwa kupatikana, namba za simu zisizo sahihi au zilizokatwa zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Kwa hiyo kaa na simu yako, uitafute namba yako kama ambavyo mtu aliyemwokota mbwa angeitafuta. Kwa chipu za Marekani kuna ukurasa wa kutafutia namba wa chama cha hospitali za wanyama kiitwacho AAHA, ambao hukuambia namba iko kwa kampuni ipi. Kwa Ulaya kuna Europetnet. Kama chipu iliwekwa hapa kwetu, muulize daktari ni kampuni gani iliyoitengeneza na kama yeye mwenyewe anatunza daftari la namba alizoziweka, kisha uombe kuonyeshwa mstari wenye jina lako. Ukikuta hakuna usajili popote, jisajili katika mojawapo ya kanzidata zinazopokea chipu za watengenezaji wote, na utunze nakala ya uthibitisho.

Unapojaza taarifa, andika simu kwa msimbo wa nchi, +255 au +254, kwa sababu anayeisoma kanzidata hiyo huenda yuko nje na tarakimu zinazoanza na 07 hazimsaidii. Weka namba mbili za watu wawili wasioishi nyumba moja. Laini ya simu iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine, na aliyeinunua hatajua lolote kuhusu mbwa wako. Ongeza barua pepe. Kama ulimpokea mbwa kutoka kwa mtu aliyehama nchi, hakikisha jina la mtu huyo limetoka na lako limeingia. Kukabidhiwa kadi ya chanjo mkononi hakubadilishi chochote kwenye kanzidata.

Kanzidata nayo inaweza kufa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kampuni ya Save This Life ya Texas, Marekani, iliacha kazi ghafla, na wamiliki waliokuwa wamesajili mbwa wao huko wakajikuta na chipu zinazosomeka vizuri lakini ambazo namba zake hazikuwa na wa kuzijibia. Dawa yake ilikuwa kusajili namba ileile mahali pengine, bila kuweka chipu mpya. Ndiyo maana utafutaji huu unapaswa kurudiwa kila mwaka, hata kama simu yako haijabadilika.

Pamoja na yote hayo, mfungie mbwa kibati cha jina chenye namba ya simu. Atakayemwona mbwa wako Tandale au Kawangware hana skana, na pwani wako wengi wasiopenda kumgusa mbwa. Tarakimu kubwa zinazosomeka kwa hatua mbili zitafanya kazi ambayo chipu haiwezi kuifanya mtaani.

Iwapo skana imenyamaza kabisa

Nenda kliniki nyingine yenye skana ya aina nyingine. Kama huko nako hakuna kitu, omba eksirei ya mabega na kifua. Kioo, waya na chuma vya chipu huonekana waziwazi kwenye picha, na picha hiyo humaliza ubishi: ama chipu imo lakini haijibu, ama haimo, pengine ilitoka kwenye tundu la sindano siku ileile ya kuwekwa bila mtu kugundua. Katika hali zote mbili mbwa atawekewa chipu mpya. Ile iliyokufa iachwe ilipo, kwani kwa kawaida haimdhuru mbwa, na kuitoa kunahitaji upasuaji usio na sababu. Daktari aandike tarehe, namba ya zamani, namba mpya na sababu ya kubadilisha, na picha ya eksirei itunzwe pamoja na karatasi nyingine.

Kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo ya kuiogopa zaidi: chipu inayosomeka leo na kesho kukataa. Usiisubiri ife. Siku ambayo bado inasomeka, hata kama ni kwa jaribio la tano, daktari aisome, aiandike, kisha aweke mpya siku hiyohiyo na kuzifunganisha namba zote mbili kwa sahihi yake. Baada ya ile ya zamani kunyamaza moja kwa moja, hakuna tena anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa huyu ndiye aliyechanjwa kwa namba ile.

Kwa wanaosafiri na mbwa

Jambo hilo la mwisho ni zito zaidi kwa mwenye safari. Umoja wa Ulaya na Uingereza wanataka chipu iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au wakati mmoja nayo, na kwa mbwa anayetoka nchi kama Tanzania au Kenya, damu ichukuliwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, ionyeshe kinga isiyopungua 0.5 kwa kipimo chao, kisha ipite miezi mitatu kutoka siku ya kuchukuliwa damu kabla ya kuingia. Chipu isiyosomeka huikata kamba hiyo mwanzoni: chipu mpya, chanjo upya, damu upya, na kusubiri upya. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, inataka kila mbwa anayeingia awe na umri wa miezi sita au zaidi na chipu inayosomeka, iliyowekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na huziweka Tanzania na Kenya katika kundi la nchi zenye hatari kubwa ya ugonjwa huo, ambalo masharti yake ni makali zaidi.

Hivyo mpime mbwa kabla ya kukata tiketi, angalau miezi sita kabla ya safari, na umpime tena siku ya kutolewa cheti cha afya. Ikiwa chipu yake si ya kiwango cha ISO, itakubidi usafiri na skana yako inayoisoma, au uweke ya pili ya ISO mapema na kuandikisha zote. Masharti ya nchi unayokwenda yasome kwenye tovuti ya serikali yake, si kwa wakala wa mizigo peke yake.

Lini kurudia

Chipu mpya ipimwe tena baada ya wiki mbili hadi nne. Baada ya hapo, ipimwe kila mwaka siku ya chanjo, na isomwe kabla ya sindano, ili namba inayoandikwa kwenye mstari wa chanjo iwe imetoka kwenye mwili wa mbwa aliye mbele ya daktari na si kunakiliwa kutoka ukurasa wa juu. Ipimwe pia baada ya jeraha au upasuaji wa shingo na mabega. Kila mara, mwombe daktari aandike kwenye kadi mahali hasa alipoikuta, kwa mfano “bega la kushoto, juu ya kiwiko”, pamoja na aina ya skana aliyotumia, ili daktari atakayefuata, hata akiwa mji mwingine, ajue pa kuanzia.